Hans Fallada: Mfungwa aliyegeuka msimulizi wa makabwela wa Ujerumani

KUELEKEA mwisho wa 1946, mwanamume mmoja mgonjwa aliketi jijini Berlin, mji uliokuwa umegeuzwa vifusi na mabomu, akaandika riwaya ya mamia ya kurasa kwa muda usiotimia mwezi mmoja.

Miezi michache baadaye aliaga dunia, kabla ya kitabu hicho kutoka mitamboni.

Mtu huyo alikuwa Hans Fallada. Riwaya yenyewe, Jeder stirbt für sich allein, yaani Kila Mtu Hufa Peke Yake, ingali inasomwa katika lugha nyingi duniani. Inasimulia mume na mke wa kawaida waliothubutu kumpinga Adolf Hitler kwa kalamu na postikadi.

La kushangaza ni kwamba hadithi hiyo ya ushujaa iliandikwa na mtu ambaye mwenyewe hakuwa shujaa. Fallada alikuwa mlevi na mraibu wa mofini. Alifungwa jela mara mbili kwa kuwaibia waajiri wake. Na wakati wa utawala wa Nazi, alikubali kuinama ili anusurike.

Jina lake halisi lilikuwa Rudolf Ditzen. Alizaliwa Julai 21, 1893 mjini Greifswald, kaskazini mwa Ujerumani. Babake, Wilhelm Ditzen, alikuwa jaji aliyepanda cheo hadi akateuliwa katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mjini Leipzig.

Kwa hivyo hakuzaliwa katika ufukara. Hata hivyo, utoto wake ulijaa maradhi na upweke. Mnamo 1909 akiwa juu ya baiskeli aligongwa na mkokoteni wa farasi, akaumia vibaya, na tangu hapo hakuwa na siha njema.

Miaka miwili baadaye palitokea mkasa ambao nusura umwangamize. Yeye na rafiki yake wa shule, vijana wawili waliokata tamaa ya maisha, waliafikiana kufa pamoja mjini Rudolstadt. Rafiki alifariki, Rudolf alinusurika akiwa na majeraha mabaya.

Alishtakiwa kwa mauaji, lakini madaktari wakaamua kuwa hakuwa na akili timamu. Badala ya jela alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko shangazi yake, Ada, alimfunza lugha za kigeni na kumsaidia kuanza maisha upya.

Shule hakuimaliza. Alifunzwa kazi ya kilimo na kwa miaka mingi akaajiriwa katika mashamba makubwa ya matajiri, akisimamia ghala na kuweka hesabu. Katika kazi hizo aliishi na vibarua, makarani na watumishi, watu ambao mtoto wa jaji hangekutana nao kwa urahisi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914 alijitolea kuwa mwanajeshi, lakini akarudishwa nyumbani baada ya siku chache tu kwa sababu ya afya yake. Nduguye mdogo, Ulrich, aliuawa vitani 1918. Ni katika miaka hiyo ambapo Rudolf alianza kuzoea mofini.

Riwaya yake ya kwanza ilitolewa na mchapishaji Ernst Rowohlt mnamo 1920. Kwa kuwa babake hakutaka jina la familia liaibishwe tena, kijana huyo alijitafutia jina la kubuni kutoka kwa ngano za ndugu wawili Grimm.

Hans ni mhusika anayebaki na furaha hata anapopoteza kila kitu. Falada ni farasi ambaye, hata baada ya kukatwa kichwa, aliendelea kunena ukweli.

Jela na ndoa

Vitabu vyake viwili vya mwanzo havikununuliwa sana. Ulevi na dawa zilihitaji pesa, naye akazitafuta katika hazina za waajiri wake. Mnamo 1924 alifungwa kwa miezi kadhaa mjini Greifswald. Alipotoka alirudia kosa lile lile, na 1926 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu, alichokitumikia mjini Neumünster.

Aliachiliwa 1928 akiwa na umri wa miaka 34, bila kazi wala akiba. Mjini Hamburg alijipatia riziki kwa kuandika anwani kwenye bahasha, kazi ya malipo duni iliyofanywa na waliokosa nyingine.

Mjini humo alikutana na Anna Issel, mwanamke mfanyakazi mpole na mwenye msimamo, ambaye wengi walimwita Suse. Walioana Aprili 1929. Maishani mwake mwote, hakuna aliyemtuliza kuliko mwanamke huyo.

Walihamia Neumünster, ambako Fallada aliajiriwa na gazeti dogo la mji huo kutafuta matangazo ya biashara na kuandika habari. Mwaka huo wakulima wa eneo hilo waliandamana kupinga kodi na kunadiwa kwa mali yao, wakakabiliana na polisi, na viongozi wao wakafikishwa mahakamani.

Fallada aliketi mahakamani siku baada ya siku akiandika taarifa za kesi hiyo. Matokeo yake yalikuwa riwaya ya Bauern, Bonzen und Bomben, yaani Wakulima, Wakubwa na Mabomu, iliyotoka 1931 na kumpa sifa kwa mara ya kwanza.

Mnyonge

Umaarufu mkubwa ulikuja 1932. Wakati huo Ujerumani ilikuwa na watu takriban milioni 6 wasio na kazi, na Fallada akachapisha riwaya ambayo kichwa chake, Kleiner Mann – was nun?, kinaweza kufasiriwa kama Mnyonge, Sasa Itakuwaje?

Mhusika wake mkuu, Johannes Pinneberg, ni muuzaji katika duka kubwa la nguo jijini Berlin. Mkewe, ambaye kwa mapenzi humwita Lämmchen, yaani mwanakondoo, ni mjamzito. Mwajiri ameweka kiwango cha mauzo ambacho kila muuzaji sharti akifikie kila mwezi, la sivyo atimuliwe.

Msomaji huonyeshwa bajeti ya familia hiyo hadi senti ya mwisho: kodi ya nyumba, chakula, makaa. Hofu ya Pinneberg humfanya auze vibaya, na kuuza vibaya huzidisha hofu. Hatimaye anafutwa kazi.

Katika tukio linalokumbukwa sana, Pinneberg akiwa na nguo zilizochakaa amesimama mbele ya dirisha la duka, na polisi anamwamuru aondoke. Anasukumwa kutoka njia ya waenda kwa miguu hadi barabarani, na hapo anatambua kwamba umaskini umemwondoa katika hesabu ya watu wenye heshima. Anarudi nyumbani kwa aibu, na mkewe anampokea.

Wajerumani wengi walijiona katika kitabu hicho. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na 1934 filamu yake ikatengenezwa Hollywood. Lämmchen, kwa kiasi kikubwa, alikuwa Suse mwenyewe.

Kuinama

Furaha hiyo haikudumu. Hitler alitwaa mamlaka Januari 1933, na wakati wa Pasaka mwaka huo wanamgambo wa chama chake walimkamata Fallada kwa madai kwamba alikuwa akila njama dhidi ya serikali. Alizuiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kuachiliwa bila kupatikana na hatia. Mwaka huo huo Suse alijifungua pacha, na mmoja wao akafariki.

Fallada alinunua nyumba Carwitz, kijiji kidogo kando ya ziwa katika jimbo la Mecklenburg, akitumai kwamba huko watawala wangemsahau. Alilima bustani, akafuga nyuki, akaandika.

Waandishi wengi mashuhuri walikuwa wametoroka nchi. Fallada alibaki, na kubaki kulikuwa na gharama yake. Mnamo 1934 alitoa riwaya kuhusu mfungwa wa zamani, Willi Kufalt, anayejitahidi kuishi kwa uadilifu lakini jamii inamsukuma tena hadi jela, mahali pekee anapopata utulivu. Mwanzoni mwa kitabu aliweka dibaji ya kuwaridhisha watawala, iliyodai kwamba magereza aliyoyasimulia yalikuwa ya enzi iliyopita. Thomas Mann, aliyekuwa uhamishoni, alisikitishwa na dibaji hiyo.

Dibaji haikumwokoa. Mnamo 1935 alitangazwa kwa muda kuwa mwandishi asiyetakikana. Mnamo 1937 alichapisha Wolf unter Wölfen, yaani Mbwamwitu Miongoni mwa Mbwamwitu, riwaya kubwa kuhusu mfumko wa bei wa 1923, wakati dola moja ya Marekani ilipofikia alama trilioni 4.2 na akiba za familia zikageuka karatasi tupu.

Kitabu hicho kilimpendeza Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, na sifa za mtu kama huyo zilikuwa mtego. Fallada aliagizwa kuandika hadithi ya filamu kuhusu mwendesha gari la farasi wa Berlin, Der eiserne Gustav, yaani Gustav wa Chuma. Baadaye Goebbels alitaka hadithi hiyo iendelezwe hadi wahusika wamuunge mkono Hitler. Fallada alitii, akaandika upya. Filamu hiyo haikutengenezwa, lakini aibu ilimwandama.

Mnamo 1938 mchapishaji wake wa Uingereza alikuwa tayari kumsaidia kuhama pamoja na familia yake. Mipango ilifanywa. Dakika za mwisho Fallada alikataa, kwani hakuweza kujiona akiandika mbali na lugha na ardhi yake.

Miaka ya vita ilimrejesha katika ulevi. Yeye na Suse walitalikiana Julai 1944, na mwezi uliofuata, wakigombana, alifyatua risasi akiwa amelewa. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini alizuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Strelitz hadi Desemba.

Huko alipewa karatasi kwa matumaini kwamba angeandika kitabu cha kuipendeza serikali. Badala yake aliandika Der Trinker, riwaya ya mfanyabiashara anayeangamizwa na pombe. Katika karatasi zizo hizo, kwa maandishi madogo mno yaliyopandana, aliandika kumbukumbu za kuushutumu utawala wa Nazi. Zingegunduliwa, angeweza kuuawa. Alifaulu kuzitorosha nje, na zilichapishwa 2009.

Postikadi

Vita vilipokwisha 1945, jeshi la Muungano wa Sovieti lilimteua Fallada kuwa meya wa mji mdogo wa Feldberg, karibu na Carwitz. Wakati huo alikuwa amemwoa Ursula Losch, mjane kijana ambaye pia alikuwa mraibu wa mofini. Kazi hiyo ilimshinda katika muda wa miezi michache, na wote wawili wakaishia hospitalini, kisha Berlin.

Mshairi Johannes R. Becher, aliyekuwa amerejea kutoka uhamishoni Urusi, ndiye aliyempa faili ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Ilihusu Otto na Elise Hampel, mume na mke wa tabaka la wafanyakazi kutoka mtaa wa Wedding, Berlin.

Kakake Elise aliuawa vitani 1940. Kuanzia mwaka huo hadi 1942, wawili hao waliandika zaidi ya postikadi 200 za kuwahimiza Wajerumani wampinge Hitler, wakaziacha katika ngazi za majengo. Karibu zote ziliokotwa na kupelekwa kwa polisi na watu walioogopa. Hampel na mkewe walikamatwa na kunyongwa kwa kukatwa vichwa katika gereza la Plötzensee, Aprili 8, 1943.

Mwanzoni Fallada alikataa kuiandika hadithi hiyo. Aliona kwamba yeye, aliyefuata mkondo bila kupinga, hakuwa na haki ya kuwasimulia waliopinga. Lakini faili hiyo haikumtoka akilini, na mwaka uliofuata aliketi na kuandika.

Katika riwaya, Hampel anakuwa Otto Quangel, msimamizi katika kiwanda cha fanicha, mtu mkimya na bahili. Mwanawe wa pekee anauawa Ufaransa. Wanaomzunguka katika jengo lao ni wapelelezi, wezi, waoga na wachache wenye utu. Fallada aliwafahamu wote, kwani alikuwa ameishi na watu wa kila aina hizo.

Hakuficha kwamba juhudi za Quangel na mkewe hazikuzaa matunda. Anayeguswa na kadi hizo kuliko wote ni inspekta Escherich, afisa anayezikusanya ili kumnasa mwandishi wake. Hata hivyo, swali la kitabu si iwapo kadi ziliuangusha utawala. Swali ni mtu hubaki na nini anapokataa kushiriki uovu, hata akishindwa. Quangel anakufa akiwa na heshima yake, kitu ambacho Pinneberg aliporwa njiani.

Fallada alifariki jijini Berlin Februari 5, 1947 akiwa na umri wa miaka 53. Mwili wake ulikuwa umechakazwa na dawa na pombe.

Riwaya hiyo ilitolewa mwaka huo baada ya wahariri kuipunguza makali. Miongoni mwa waliyoyaondoa ni kwamba Anna Quangel aliwahi kuwa mwanachama wa jumuiya ya wanawake ya Nazi. Yaani hata mashujaa hao, kama mwandishi wao, walianza upande usiofaa. Maandishi kamili yalichapishwa Ujerumani 2011, miaka miwili baada ya tafsiri ya Kiingereza kupata wasomaji wengi Uingereza na Marekani. Filamu ilifuata 2016.

Majivu ya mwandishi huyo yalihamishiwa Carwitz 1981. Nyumba yake kando ya ziwa ilifanywa makumbusho, pale alipolima, alipofuga nyuki, na alipokataa kuondoka.