Sir Alan Cobham, Mtafutaji wa Viwanja

 Mhariri ameniomba nieleze kazi ya kupanga viwanja vya ndege, ambayo nimeifanya tangu nilipoondoka Chilangala hadi kustaafu. Nimeona heri nieleze maisha ya mtu mmoja aliyesaidia kuifungua kazi hiyo Afrika.

Alan Cobham alizaliwa London tarehe 6 Mei 1894. Katika Vita Kuu ya Kwanza alianza kwa kuhudumia farasi wa jeshi, kisha akahamia kwenye ndege na kuwa mwalimu wa marubani. Vita ilipokwisha alijipatia riziki kwa kuwarusha watu waliotaka kuonja safari ya angani.

Tarehe 16 Novemba 1925 aliondoka Uingereza kwenda Cape Town pamoja na fundi wake, Arthur Elliott, na mpiga picha mmoja. Walipita Khartoum, Kisumu na Tabora, wakafika tarehe 17 Februari 1926. Safari hiyo haikuwa ya mashindano. Cobham alikuwa akichunguza mahali pa kutua, jinsi ya kupata mafuta, na jinsi mvua inavyogeuza kiwanja kuwa tope. Mwaka huohuo alikwenda Australia na kurudi. Njiani, huko Iraki, Elliott alipigwa risasi iliyotoka ardhini akafa. Tarehe 1 Oktoba Cobham alitua juu ya mto Thames, mbele ya Bunge, na baadaye akapewa cheo cha Sir.

Lakini viwanja alivyotua Afrika vilitengenezwa na nani? Huko Ndola, mwaka 1919, watu wapatao 700 walifanya kazi kwa miezi kadhaa wakibomoa vichuguu na kubeba udongo wake. Majina ya marubani tunayasoma vitabuni. Ya wale waliosawazisha ardhi hatuyasomi. Kila kijana anayetaka kazi hii aanze kwa kulijua jambo hilo.

Mwaka 1927 hadi 1928 Cobham alizunguka Afrika kwa ndege ya majini, akiwa na mkewe, Gladys. Maana yake ni rahisi kuelewa: ziwa au ghuba iliyotulia haihitaji kufyekwa. Kampuni ya Imperial Airways ndiyo iliyoanzisha huduma yenyewe, ikafika Mwanza mwaka 1931 na Cape Town mwaka 1932. Mwaka 1937 ndege zake za majini zilianza kwenda Durban kwa kupita pwani yetu, na Lindi ikawa kituo kati ya Dar es Salaam na Msumbiji. Baada ya Vita Kuu ya Pili njia ndefu za nchi kavu zilikuwa zimejengwa pengi duniani, na ndege za majini zikaachwa.

Mwaka 1929 Cobham alitembelea miji zaidi ya 100 ya Uingereza akiwahimiza wakuu wake watenge ardhi ya kiwanja mapema, kabla nyumba hazijaijaza. Katika safari hiyo watoto wa shule wapatao 10,000 walirushwa bure, gharama ikilipwa na mfadhili. Baadaye alianzisha kampuni ya kujaza ndege mafuta zikiwa angani. Alifariki tarehe 21 Oktoba 1973.

Fundisho lake la kutenga ardhi mapema nimeliona ukweli wake katika kazi yangu. Mpangaji huanza na upepo, kwa kuwa ndege hutua na kuruka ikiuelekea. Sisi wa Uwanda wa Makonde tunaujua upepo wa kusi tangu utoto. Kisha huja mwinuko. Juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo urefu wa njia huongezwa asilimia 7 kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Joto nalo huongeza, asilimia 1 kwa kila digrii inayozidi joto sanifu la mwinuko wa mahali hapo. Ndiyo sababu ndege ileile huhitaji njia ndefu zaidi Newala kuliko Lindi.

Hesabu hizo ni nyepesi. Lililo gumu ni ardhi yenyewe, maana mstari ulionyooka kwenye ramani huweza kupita katikati ya mikorosho ya mjane au makaburi ya ukoo. Mkorosho hauzai kesho yake ukipandwa, na kaburi halina bei. Mpangaji asiyekwenda kwa miguu na kukaa na wazee hajui anachokifuta kwa kalamu yake. Ardhi ikitengwa mapema, watu hawajengi hapo, wala hapana atakayebomolewa.

Vijana, shikeni hisabati na jiografia. Viwanja vya kusini vitaendelea kupanuliwa, na ni vema wapimaji wake wawe watu wanaoijua mikorosho hiyo ni ya nani.