Padre aliyewakimbia waumini wake na kurejeshwa kwa heshima

Leopold Moczygemba alizaliwa mwaka wa 1824 katika kijiji cha Płużnica Wielka, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Prussia na sasa ni sehemu ya Polandi. Alijiunga na shirika la Wafransisko nchini Italia na kupewa upadri mwaka wa 1847.

Mnamo 1852 alivuka bahari kwenda Texas, Marekani, kufuatia ombi la Askofu Jean-Marie Odin wa Galveston aliyekuwa akitafuta mapadri wa kuwahudumia walowezi Wajerumani. Huko aliona ardhi tele, akawaandikia barua jamaa zake waliokuwa wakitaabika kwa uhaba wa chakula na mashamba. Barua hizo zilipita mkono kwa mkono vijijini.

Mwezi Desemba 1854, takriban familia 100 zilitia nanga Galveston zikiwa na majembe, vitanda vya manyoya na msalaba. Baada ya safari ya karibu majuma matatu, iliyowaua baadhi yao, walifika mahali Padre Moczygemba alipowachagulia. Usiku wa Krismasi aliwasomea Misa chini ya mti wa mwaloni. Makao hayo yakaitwa Panna Maria, yaani Bikira Maria, nayo yanatambuliwa kuwa makazi ya kwanza ya kudumu ya Wapolandi nchini Marekani.

Lakini walichokikuta ni nyika tupu, nyasi ndefu, nyoka na homa. Ardhi waliuziwa kwa bei ya juu. Kanisa lilikamilika mwaka wa 1856, ila mwaka uo huo ukame ulikausha mazao. Njaa ilipobisha hodi, hasira zilimgeukia padre aliyewaita. Inasimuliwa kuwa baadhi yao walitishia kumnyonga. Mwishowe aliwaacha na kuondoka.

Hata hivyo, hakuutupa mkono wito wake. Alihudumu katika majimbo mengine ya Marekani, na mwaka wa 1879 alipata idhini ya Papa Leo XIII ya kuanzisha seminari ya kuwaandaa mapadri wa wahamiaji Wapolandi. Alimkabidhi kazi hiyo Padre Józef Dąbrowski, na mnamo 1885 jiwe la msingi likawekwa jijini Detroit.

Nako Panna Maria, waliobaki walivumilia mpaka mvua zikarudi. Radi ilipoliharibu kanisa lao mwaka wa 1875, walijenga lingine.

Padre Moczygemba alifariki Detroit mwezi Februari 1891 na kuzikwa huko huko. Ilipita miaka 83 kabla ya wajukuu na vitukuu vya wale waliomtishia kutimiza deni la wazee wao. Mwaka wa 1974 mabaki yake yalifukuliwa, yakasafirishwa hadi Panna Maria na kuzikwa upya karibu na kanisa, chini ya mwaloni unaokumbusha Misa ile ya kwanza.