Cornelis Drebbel
Cornelis Drebbel (Alkmaar, 1572 – London, 7 Novemba 1633) alikuwa mvumbuzi na mchongaji wa picha kutoka Uholanzi. Anajulikana hasa kwa nyambizi aliyoijaribu katika mto Thames, lakini kazi yake yenye uzito zaidi ni tanuri lililojirekebishia joto lenyewe.

Tanuri hilo lilitumika kuangulia mayai ya kuku. Joto likizidi, kifaranga hufia ndani ya yai, na ni vigumu mtu kukesha akilinda moto kwa wiki 3. Drebbel aliweka humo chombo cha alkoholi kilichounganishwa na mrija wenye zebaki. Joto lilipopanda, alkoholi ilitanuka na kusukuma zebaki. Zebaki iliinua kijiti kilichofunga tundu la moshi, na moto ukafifia kwa kukosa hewa. Joto liliposhuka, tundu lilifunguka tena.

Aliwahi kuwatumikia mfalme James I wa Uingereza na kaisari Rudolf II huko Praha. Hata hivyo, miaka yake ya mwisho alijipatia riziki kwa kuendesha kilabu cha pombe jijini London. Tanuri lake liliendelezwa na wakwe zake wa familia ya Kuffler.