Chifu Aliyebaki na Mke Mmoja

Kila mwaka tarehe 3 Juni inapokaribia, wapo waumini wa Kitengela na Kajiado wanaofunga safari ya kwenda Namugongo kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda. Labda hata wewe umewahi kwenda. Ukiulizwa mashahidi hao walikuwa akina nani, bila shaka utawataja vijana wa ikulu waliochomwa moto. Ni sawa. Lakini kati ya wale 22 walikuwamo pia wanaume watu wazima, wenye wake na nyumba zao, na ukurasa huu leo unataka ukae kidogo na mmoja wao: Mathias Kalemba Mulumba.

Alizaliwa Busoga yapata mwaka 1836. Akiwa bado mtoto alitekwa pamoja na mama yake, akapelekwa Buganda kama mtumwa. Bahati yake ni kwamba mzee aliyemnunua hakumfanya mtumwa. Alimlea kama mwanawe. Alipokua akaingia katika utumishi wa chifu mkuu wa Ssingo, akapanda cheo hata akawa mkuu mdogo katika nchi ya Mityana. Alikuwa na watu chini yake, mali, na wake kadhaa, kama ilivyompasa mtu wa heshima wa siku zile. Mke mmoja tu ingekuwa aibu kwa mtu wa cheo chake.

Mtu huyu alitafuta ukweli kwa muda mrefu. Kwanza alikuwa Mwislamu. Kisha akasikiliza mafundisho ya Waanglikana waliofika kwa Mfalme Mutesa. Mwishowe akawaendea Mapadre Weupe, waliofika mwaka 1879, na mwaka uliofuata akaandikishwa kuwa mkatekumeni. Alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882. Hesabu mwenyewe: ni kama miaka miwili ya kujifunza. Nataja hili kwa sababu wapo wachumba wanaonung'unika wakiambiwa wahudhurie mafundisho ya ndoa kwa majuma machache.

Sasa tufike penye shida. Ili abatizwe, Kalemba aliwaacha wake zake wengine akabaki na mmoja, jina lake Kikuvwa. Ni rahisi kulisoma jambo hili kwa sentensi moja na kupita. Wewe unayeishi Kware, na jirani zako wengine wametoka katika boma za Kimaasai zenye wake watatu au wanne, unajua si rahisi. Kila mke ana nyumba yake, watoto wake, ng'ombe wake na wakwe zake. Mume akisema ameokoka na sasa anataka mmoja tu, je, wale wengine wale nini?

Kanisa limeliona swali hili. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1148, zinasema kwamba mume mwenye wake wengi akibatizwa, na ikiwa ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza, anaweza kubaki na mmoja wa wale wengine baada ya kuwaacha waliosalia. Lakini kanuni hiyo hiyo inamtaka Askofu ahakikishe kwamba mke wa kwanza na wengine walioachwa wanatunzwa ipasavyo, kwa haki na kwa mapendo. Basi, ndugu yangu, usije ukamfukuza mama wa watoto wako ukasingizia ubatizo. Ubatizo haukufuti karo ya shule wala shamba ulilomwahidi. Mwone paroko wako kabla hujamwambia mtu yeyote atoke nyumbani.

Na wewe ambaye una cheti cha ndoa ya kanisani na bado umefungua nyumba ya pili upande wa Kajiado mjini, usidhani kanuni hii inakuhusu. Kalemba alikuwa na wake wengi kabla ya kumjua Kristo. Wewe unakwenda kinyume chake. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, inayoitambua ndoa ya kimila ya wake wengi, inasema ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo mimi hulipenda zaidi. Baada ya kuongoka, chifu huyu hakuona haya kufanya kazi kwa mikono yake. Alifinyanga vyungu na kutengeneza ngozi ili apate riziki, kazi ambazo mkuu wa Buganda asingezigusa. Mume wa Kware anayerudi kutoka machimbo ya mawe akiwa na vumbi kichwani, kisha akakataa kumchotea maji mkewe mjamzito kwa kuwa majirani watamwona, na amfikirie mtu huyu.

Miezi michache tu baada ya ubatizo wake, Novemba 1882, mapadre wote waliondoka Buganda, wakarudi Julai 1885. Karibu miaka mitatu! Hapakuwa na Misa wala paroko wa kumwuliza anakoshinda. Kama alitaka kurudia maisha ya zamani, huo ndio ulikuwa wakati wake. Badala yake, yeye na wenzake Luka Baanabakintu na Noa Mawaggali waliwafundisha watu dini huko Mityana, hata Wakristo na wanafunzi wakafikia kama 200. Wengi wetu huwa wema padre akiwa karibu, au mama watoto akiwa macho. Tabia hujulikana wakati hakuna anayetazama.

Mfalme Mwanga alipowatesa Wakristo Mei 1886, Kalemba alikuwa mjini mkuu. Alikamatwa, akahukumiwa na Katikiro, na tarehe 27 Mei wakamfikisha Kampala ya zamani. Hapo wakamkata mikono na miguu, wakamchuna nyama na kuichoma mbele ya macho yake, kisha wakamfunga mishipa ili damu isiishe upesi. Alikaa hai siku kadhaa peke yake katika majani, akiwa na kiu. Inasemekana waliopita karibu na kumsikia akiomba maji waliogopa wakakimbia. Alifariki tarehe 30 Mei 1886. Papa Paulo VI alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964.

Kesho yake, tarehe 31 Mei, Noa naye aliuawa kwa mkuki huko Mityana, katika mji ule ule ambako Kikuvwa alikuwa sasa mjane.