Robert Owen, Rafiki wa Watoto wa Wafanya Kazi

Ndugu wanachama, chama chetu kikuu kinapotimiza miaka 10, yatupasa tuwakumbuke waliolima shamba ambalo leo sisi twavuna. Mmoja wao ni Robert Owen, ambaye wana-ushirika wengi humwita baba wa ushirika. Twamweleza hapa si kwa ajili ya maduka wala mazao, bali kwa jambo alilolitanguliza mbele ya yote: elimu ya mtoto wa mfanya kazi.

Alizaliwa tarehe 14 Mei, 1771, katika mji mdogo wa Newtown, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Shule aliiacha mapema, na alipofika miaka 10 alipelekwa Stamford, Uingereza, akajifunze kazi kwa mwuza nguo mmoja. Mkataba ulikuwa wa miaka 3: mwaka wa kwanza bila mshahara, wa pili paundi 8, wa tatu paundi 10. Bahati yake ni kwamba tajiri yule alikuwa na vitabu vingi, naye Owen alivisoma kila alipopata nafasi. Kazi na kitabu vilikwenda pamoja, hata akiwa bado kijana akawa msimamizi wa kiwanda cha nyuzi za pamba mjini Manchester, chenye watu wapatao 500.

Mwaka 1800 alishika usimamizi wa viwanda vya New Lanark, Uskoti. Humo mlikuwa na watoto wapatao 500 waliotolewa katika nyumba za maskini. Wadogo wa miaka 6 au 7 walifanya kazi mchana kutwa, kisha jioni wakatakiwa wasome hali wamechoka. Owen aliona kwamba kuwafundisha hivyo ni kutia maji katika pakacha. Akakataa kupokea tena watoto wa namna hiyo, akawazuia walio chini ya miaka 10 wasiingie kiwandani, akataka waende shule.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wenzake wenye hisa waliona fedha za shule kuwa hasara. Mwaka 1813 viwanda vilitiwa mnadani. Owen akavinunua kwa paundi 114,100 pamoja na washirika wapya, waliokubali kwamba faida ya mtaji wao isipite sehemu 5 katika 100. Tarehe 1 Januari, 1816, alifungua jumba la elimu. Hata watoto wadogo sana walipokewa, fimbo ilikatazwa, na mafundisho yalikuwa ya ramani, picha, nyimbo na michezo. Usiku, waliotoka kazini walisoma humo humo.

Hakushinda kila mahali. Sheria ya mwaka 1819, aliyoipigania, ilikataza watoto walio chini ya miaka 9 katika viwanda vya pamba, lakini ilikosa wakaguzi wa kuisimamia. Kijiji chake cha New Harmony, Marekani, kilichoanza mwaka 1825, hakikudumu miaka 3, nacho kilimeza sehemu kubwa ya mali yake. Wenye maneno walikuwa wengi, mafundi wachache.

Alifariki katika mji aliozaliwa, tarehe 17 Novemba, 1858. Lakini mwaka 1844 watu 28 wa Rochdale, baadhi yao wafuasi wa mawazo yake, walikuwa wamekwisha fungua duka lao la ushirika. Baadaye walitenga sehemu 2 na nusu katika kila 100 za faida kwa ajili ya elimu. Mbegu hiyo ilifika hata kwetu: mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi.

Basi, ndugu, tunapokutana kugawa ziada ya mwaka, tusiulize tu kila mmoja atapata kiasi gani. Tuulize pia ni kiasi gani kimewekwa kwa kijana wetu anayetaka kujifunza useremala, ufundi wa mitambo au utunzaji wa hesabu. Bei ya mazao hupanda na kushuka. Ufundi ulio mkononi mwa kijana hauuzwi mnadani.