Shaaban Robert: Karani wa forodha aliyeandika juu ya wanaonyamaza

KASHOJWA, Nakivale – Katika kituo hiki cha biashara ndani ya makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, muuzaji aliyetoka Kivu na mnunuzi aliyetoka Mbarara hupatana bei kwa Kiswahili. Mwandishi aliyeikuza lugha hiyo kuliko wengi alikuwa karani wa forodha, mtu wa ng'ambo ya meza ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua.

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909, katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na Tanga, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Wajerumani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akafaulu akiwa wa pili. Mwaka huohuo serikali ya Waingereza ikamwajiri forodhani. Alidumu huko hadi 1944, Pangani ikiwa moja ya vituo vyake. Baadaye alitumikia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na idara ya upimaji ardhi.

Kwa zaidi ya miaka 30 alikula mshahara wa mkoloni, na usiku akaandika. Alipotaka kusimulia ukatili wa watawala, hakumtaja Mwingereza. Aliubuni utawala usio kwenye ramani yoyote.

Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, nchi inaelea angani. Kijana Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kuwakumbusha wakubwa habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi za jirani, mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa Kusadikika. Kila aliyerudi na jambo jema alitupwa gerezani.

Msomaji anayevuka mipaka kutafuta riziki ataielewa hadithi hiyo upesi. Lakini uzito wake hauko kwa Majivuno peke yake. Baraza lilikuwa na watu wazima wenye akili, na wajumbe wote 6 walifungwa mbele ya macho yao. Mkatili mmoja alitosha kwa sababu waoga walikuwa wengi.

Mwaka uliofuata, katika Adili na Nduguze, aliuleta udhalimu ndani ya nyumba. Adili anawapokea ndugu zake waliofilisika, anawagawia mali yake, kisha wanasafiri pamoja kwa biashara. Hasidi na Mwivu wanamtosa baharini kwa wivu. Hapo hakuna mkoloni wala waziri. Ni watu waliokula sahani moja.

Wapo wanaomlaumu Shaaban kwamba naye alikuwa mwoga, kwa kuwa aliificha hoja yake angani na akapokea nishani ya Waingereza. Lawama hiyo ina uzito, kwani wengine wa zama zake walisema waziwazi. Hata hivyo, karani mwenye familia aliyeandika kwamba raia wana haki ya kuijua sheria, wakati sheria ikiwa mali ya mtawala, hakuwa amenyamaza. Alichagua njia ambayo kitabu kingeweza kupita, na kikapita hadi mashuleni.

Aliuona uhuru wa Tanganyika Desemba 9, 1961. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, akazikwa Machui.

Miaka yake ya mwisho ndiyo miaka ambayo Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo na Wasomali. Wengi hawakufukuzwa na mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari. Walikimbia watu wa nchi yao, wakati mwingine majirani, huku majirani wengine wakifunga milango.

Ndiyo maana vitabu vya karani huyu havijazeeka. Leo kwenye foleni ya mpakani, mwenzako akitozwa fedha asizodaiwa, wewe uliye nyuma yake unajua kwamba ameonewa. Unajua pia kwamba zamu yako inafuata, na ukisema mzigo wako unaweza kulala hapo. Hesabu hiyo ndiyo iliyofanywa na wakubwa wa Kusadikika. Waliifanya mara 6, na kila mara gereza likaongezewa mtu, hadi mshtakiwa mmoja aliposimama akasema.