Menno Simons: Padri Aliyeukimbia Upanga

Majuzi barazani kwetu, baada ya sala ya isha, mazungumzo yaligeuka yakawa ya uchaguzi, kama yafanyavyo siku zote kahawa ikishamiminwa. Kijana mmoja akatuambia kwamba Marekani wapo Wakristo waitwao Waamish, wavaao kofia pana na kusafiri kwa magari ya farasi, na wengi wao hawaendi kupiga kura hata siku moja. Wazee wakacheka. Mmoja wao akataka kujua ni watu gani hao wanaomwachia jirani awachagulie mtawala. Nikaahidi kulileta jawabu katika ukurasa huu.

Jawabu lenyewe, msomaji wangu, halianzi Marekani. Laanzia Uholanzi, kwa mtu aliyefariki yapata miaka 460 iliyopita. Jina lake ni Menno Simons. Sisi wa Afrika Mashariki twalisikia jina hilo katika Kanisa la Mennonite, ambalo wamisionari wake kutoka Marekani walifika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934. Waamish ni tawi la mti huo huo.

Menno alizaliwa mwaka 1496 katika kijiji cha Witmarsum, jimbo la Friesland. Mwaka 1524 alipewa daraja ya upadri. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba siku zile alikuwa padri wa jina tu: akicheza karata, akinywa pombe na wenzake, na Biblia hakuwa ameisoma.

Mwaka 1531 alisikia habari iliyomshtua. Katika mji wa Leeuwarden fundi mmoja wa nguo alikatwa kichwa. Kosa lake lilikuwa kubatizwa mara ya pili. Zama hizo kila mtoto alibatizwa mchanga, na ubatizo huo ndio uliomwandika mtu katika kanisa na katika dola kwa pamoja. Watu hawa waliona kuwa dini haiingiwi ila na mtu mzima, kwa hiari na akili yake. Kwa watawala hilo lilikuwa sawasawa na uasi. Menno akaenda kuyasaka maandiko, akaona fundi yule hakuwa na kosa. Hata hivyo alinyamaza, akaendelea kula mshahara wa kanisa.

Sasa tufike Münster, kwani hapa ndipo penye siri ya jambo letu. Mnamo Februari 1534 wabatizaji wa mji huo wa Ujerumani walishinda uchaguzi wa baraza la mji. Naam, walishika madaraka kwa kuchaguliwa. Hazikupita siku nyingi wakaanza kuwafukuza wote waliokataa kubatizwa. Kisha kijana mmoja mshonaji, Jan van Leiden, akajitawaza mfalme, akaoa wake wapatao 16 (idadi ambayo hata kwetu haina sheria), na waliompinga akawaua. Mji ukazingirwa na majeshi, watu wakafa njaa, na Juni 1535 ukaanguka kwa mauaji makubwa. Mwezi Januari 1536 Jan na wakuu wenzake wawili waliuawa kwa mateso, na maiti zao zikatundikwa katika vizimba vya chuma juu ya mnara wa kanisa. Vizimba hivyo vyaning'inia hapo hadi leo.

Zahama hiyo ilimfikia Menno mlangoni. Katika majira ya kuchipua ya 1535 watu wapatao 300 waliouunga mkono Münster waliiteka nyumba ya watawa karibu na Bolsward, si mbali na parokia yake. Baada ya siku chache waliangamizwa, na yasemekana ndugu yake wa damu alikuwa miongoni mwao. Menno aliona kuwa damu ile ilikuwa shingoni mwake pia: watu hao walikuwa kondoo wasio na mchungaji, naye aliyeujua ukweli alikuwa amekaa kimya kwa ajili ya raha zake. Mwezi ule ule wa Januari 1536 aliacha upadri.

Tangu hapo hakupata makao. Alioa mwanamke aitwaye Geertruydt, wakahama usiku kwa usiku na watoto wao. Mkulima mmoja aliyempa malazi aliuawa mwaka 1539. Mwaka 1542 mfalme Charles wa Tano aliahidi zawadi ya gilda 100 kwa atakayemkamata. Alichowafundisha wafuasi wake ni kwamba Mkristo hashiki upanga, haapi, na dini haisimamishwi kwa nguvu ya dola. Hakufundisha kuidharau serikali. Aliwaandikia watawala kwa heshima, akiwasihi wasimwage damu ya watu wasio na hatia.

Alifariki tarehe 31 Januari 1561 huko Wüstenfelde, kaskazini mwa Ujerumani, katika ardhi ya bwana mmoja aliyewahifadhi. Alikuwa kilema, akitembea kwa mkongojo. Wakamzika katika bustani yake.

Mwaka 1693 mzee mmoja wa wafuasi hao, Jakob Ammann, aliona wenzake wa Uswisi na Alsace wamelegea, akajitenga na kundi lake. Hao ndio Waamish. Karne iliyofuata walianza kuvuka bahari hadi Pennsylvania, na leo wamepita 350,000. Kodi wanalipa, watawala wanawaombea dua, lakini jeshini hawaingii na vyeo vya serikali hawavigombei. Anayeomba cheo, kwao, ameomba na upanga ulio pamoja nacho. Kura hawakuikataza moja kwa moja. Wapo wanaopiga, hasa katika mambo ya barabara na ardhi ya mtaani kwao. Lakini mwaka 2004, walipobembelezwa sana na wanasiasa, katika wilaya ya Lancaster walipiga kura watu kama 1,300 tu, ilhali waliostahili walikuwa maelfu.

Barazani niliposimulia haya, mzee wangu hakuridhika. Alisema kwamba barabara yetu haitajengwa na anayekaa nyumbani, nami sikuweza kumbishia. Lakini mwingine alitukumbusha Imam Abu Hanifa, Allah amrehemu, alivyoukataa ukadhi wa khalifa al-Mansur hata akatiwa gerezani.

Jambo moja ndilo lililowanyamazisha wote. Neno letu kura asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni bahati nasibu, si uchaguzi. Waamish wanapotaka kiongozi wa dini, waumini, wanaume kwa wanawake, hutaja majina kwa kunong'ona. Kisha vitabu vya nyimbo hupangwa mezani, kimoja kikiwa na kipande cha karatasi ndani. Kila aliyetajwa huchukua kitabu. Atakayeikuta karatasi ndiye, kwa maisha yake yote, bila mshahara, na mara nyingi huangua kilio pale pale mbele ya watu.